Pedi za breki za gari ya spoti, kazi ya uani: maswali ninayoulizwa na wenye gari Unguja na Pemba

Ninaendesha Toyota Altezza RS200, na pedi zake za breki nimekuwa nikizibadilisha mwenyewe kwa miaka, chini ya mwembe wa nyumbani kwetu Bububu. Vijana wenye Subaru, Mazda Roadster na Celica hunisimamisha njiani, wengine hunitumia picha za pedi usiku, na maswali ni yale yale. Nimeyaweka hapa yote pamoja. Mengi yanahusu mambo ambayo kitabu cha gari kutoka Japani hakiyataji, kwa sababu walioandika hawakuwa na gari inayolala mita mia moja kutoka baharini.

Kazi hii naiweza mimi nisiye fundi?

Kama unaweza kubadilisha tairi bila kusaidiwa na unajua kusoma saizi ya spana, unaiweza. Mara ya kwanza jipe asubuhi nzima kwa magurudumu mawili ya mbele. Kutoa pedi kuukuu na kuingiza mpya huchukua nusu saa tu. Saa zinazobaki ni za kusafisha, na huko ndiko breki za visiwani zinakoponea au kufia. Fundi mwenye foleni ya gari sita gerejini hana muda wa kusugua kila kibati kwa msasa. Wewe unao.

Lakini ukikuta mafuta yanavuja, mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta kwenye gurudumu) umepasuka, au bolti imekatikia ndani, acha hapo hapo na umwite fundi. Gari isitoke.

Nitajuaje pedi zimekwisha?

Chungulia kati ya mikono ya rimu kwa tochi. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 wa kile kitambaa chenyewe, ile sehemu inayosugua diski, bila kuhesabu bati la nyuma. Zikifika milimita 3, badilisha. Pedi nyingi za Kijapani zina kidude cha chuma kinachogusa diski zikikaribia kuisha, na hapo utasikia mlio mwembamba kama wa filimbi. Ukisikia mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, umeshachelewa na diski inaliwa.

Tahadhari moja: kwa nje unaiona pedi ya nje tu. Ya ndani, upande wa pistoni (kile chuma cha duara kinachosukumwa na mafuta kubana pedi), mara nyingi huisha kwanza. Vua gurudumu uiangalie.

Ninunue pedi gani? Nimeona za mashindano zinauzwa.

Za mashindano ziache. Zimetengenezwa zishike zikiwa na moto mkali, na zikiwa baridi hushika vibaya. Kutoka Fumba hadi mjini hazitapata moto huo hata siku moja, na mtoto akikatiza mbele yako Mwanakwerekwe unahitaji breki ishike pale pale kwa kanyago la kwanza.

Angalia ubavuni mwa pedi au nyuma ya bati, kuna maandishi yanayoishia kwa herufi mbili kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza inaeleza ukali wa kushika pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari ya spoti inayotumika barabarani kila siku, FF inatosha kabisa.

Nenda dukani na namba ya chasisi, au bora zaidi nenda na pedi yenyewe kuukuu. "Subaru Impreza" peke yake haimsaidii muuzaji: GDA na GDB, ambazo ni namba za modeli, zinafanana kwa macho lakini breki zake ni mbali mbali. Altezza nayo ipo SXE10 na GXE10. Ukiagiza kutoka Kariakoo ya Dar, tuma picha ya pedi iliyowekwa juu ya rula. Kurudisha mzigo kwa boti ni gharama mara mbili.

Na usinunue kwa bei tu. Niliwahi kununua seti rahisi, boksi zuri, muhuri unang'aa. Baada ya miezi miwili nikasikia kitu kinagonga nikipiga breki. Nilipofungua, kitambaa cha pedi moja kilikuwa kimebanduka kwenye bati kama kigae kilichopigwa saruji mbaya, kimebaki kushikwa na ncha moja. Nilikuwa nimembeba mama yangu asubuhi ile. Tangu hapo kila pedi mpya naikagua kabla sijalipa: naangalia ufa pale kitambaa kinapokutana na bati, na nagonga kwa ukucha kusikia kama kuna uwazi. Ikiwa maandishi ya ubavuni hayapo kabisa, narudisha boksi mezani.

Vifaa gani vinahitajika?

Jeki nzuri, stendi mbili za chuma, wili spana, boksi la spana za kuanzia 10 hadi 19, klempu ya maseremala ya kurudishia pistoni, brashi ya waya, msasa, waya mgumu wa kufungia kalipa (kile chuma kinachobeba pistoni na kuzibana pedi kwenye diski), dawa ya kusafishia breki, grisi ya silikoni kwa ajili ya pini ambazo kalipa huteleza juu yake, miwani na barakoa. Ukiweza kuazima spana yenye kipimo cha kukazia, azima.

Uani kwetu ni mchanga, jeki inazama. Nifanyeje?

Tandika ubao mnene, upana wake usipungue shubiri mbili, chini ya jeki na chini ya kila stendi. Usilaze gari juu ya tofali la saruji, jiwe la matumbawe wala gogo la mnazi. Tofali hubeba mzigo vizuri mpaka sekunde linapopasuka, na halitoi ishara yoyote. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Kisha isukume gari kwa bega kabla hujaingiza mkono. Ikiyumba, shusha uanze upya.

Mvua za masika ardhi ikiwa tope, ahirisha, au omba sakafu ya jirani.

Gari yangu imeshushwa, jeki haiingii chini.

Panda kwanza juu ya mbao mbili za unene wa inchi mbili, gurudumu moja kila ubao. Utapata nafasi. Tafuta pale penye mkato kwenye ukingo wa bodi, ndipo pa kuwekea jeki. Sketi za plastiki za gari za spoti hazibebi uzito.

Nieleze kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Legeza nati za gurudumu robo mzunguko gari ikiwa chini. Inyanyue, weka stendi, vua gurudumu, kisha lisukumie chini ya ubavu wa gari. Likiwa hapo, hata stendi ikiteleza gari haifiki chini kabisa. Zungusha usukani kalipa ikuelekee.

Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki ndani ya boneti na uangalie kimejaa kiasi gani. Unaporudisha pistoni, mafuta hupanda. Ikiwa mtu alijazia pedi zilipokuwa zimechoka, yatamwagika, na mafuta haya hula rangi ya gari. Vuta kidogo kwa sirinji safi. Tone likidondoka kwenye bodi, mwagia maji mengi papo hapo. Usilifute kwa kitambaa kikavu.

Kwa kalipa ya kawaida inayoteleza, fungua bolti ya chini na uinue kalipa juu kama kifuniko cha sanduku. Gari nyingine zinataka bolti zote mbili. Ukiitoa nzima, ifunge kwa waya kwenye springi. Kamwe usiiache ikining'inia kwa mpira wake, maana nyuzi za ndani hukatika na kwa nje huoni kitu. Na mtu yeyote asikanyage breki kalipa ikiwa nje. Mimi huweka kiti cha mtoto kwenye nafasi ya dereva, kila anayefungua mlango anakikuta.

Kabla ya kutoa pedi, zipige picha. Kile kidude cha mlio kiko juu au chini? Ipi ya ndani, ipi ya nje? Fanya gurudumu moja kwanza, jingine liache kamili mpaka umalize, ndilo litakalokukumbusha mpangilio.

Toa pedi, toa vile vibati viwili vya chuma cha pua vilivyobanwa kwenye breketi (fremu inayoshikilia pedi), na sasa ndipo kazi inapoanza. Swali linalofuata ni la hapo.

Ukishasafisha, weka pedi kuukuu juu ya pistoni, bana kwa klempu, zungusha taratibu mpaka pistoni irudi yote. Rudisha vibati, ingiza pedi mpya. Zinatakiwa ziteleze kwa kusukumwa na vidole. Zikihitaji nyundo, bado kuna kutu chini ya kibati. Paka grisi kidogo sana kwenye masikio ya pedi na nyuma ya bati, pale pistoni inapogusa. Kwenye kitambaa na diski isifike hata chembe. Shusha kalipa, rudisha bolti, vaa gurudumu.

Nati zikaze kwa kukatiza, moja na ya mkabala wake, gari ikiwa imeshagusa chini. Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103 (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Usipokuwa na spana ya kipimo, chukua yenye mkono wa sentimita 40 na ubonyeze mwishoni kwa nguvu ya takribani kilo 26, yaani kama uzito wa nusu mfuko wa saruji. Anayepanda kwa miguu miwili juu ya spana anavuta bolti na kupinda diski.

Kwa nini unasisitiza sana kusafisha pini?

Kwa sababu nimeona kinachotokea. Rafiki yangu anaishi Jambiani, gari yake hulala nyuma ya ukuta unaopigwa na upepo wa kusi. Alilalamika gari inavuta kushoto akipiga breki. Tulipovua gurudumu la kulia, upande uliokuwa haushiki sawasawa, pedi ya nje ilikuwa na milimita 8, kama mpya. Ya ndani ilikuwa bati tupu, imechora diski mifereji unayoweza kuihesabu kwa ukucha. Pini ya chini tuliitoa kwa kuizungusha na kuivuta, robo saa nzima, ikilia. Ilipotoka, grisi yake ilikuwa imeganda, nyeusi na ngumu kama sukari guru iliyoungua. Kimpira cha vumbi kilikuwa na ufa mdogo, urefu wa punje ya mchele. Ufa ule ulitosha.

Kalipa ya aina hii ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini ili kuvuta pedi ya nje. Pini zikiganda, pedi moja inafanya kazi ya mbili. Na chumvi huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo chuma chetu hakikauki sawasawa mwaka mzima.

Basi toa pini zote, futa grisi kuukuu mpaka chuma king'ae, safisha na matundu yake. Pini moja inaweza kuwa na kipande cha mpira kwenye ncha na nyingine haina. Usizibadilishane nafasi. Paka grisi ya silikoni. Grisi ya beringi na oili ya injini huvimbisha vimpira, na baada ya wiki chache pini inabana tena. Kimpira chenye ufa kibadilishe, usikifunge kwa gundi.

Kisha breketi. Chini ya vile vibati kutu huvimba na kuvisukuma juu, nafasi ya pedi inapungua. Sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma. Hapa usichoke. Nimerudia kazi za watu wengi waliobadilisha pedi na kuacha kutu hii, na wote walisema pedi mpya "hazifai".

Nina Subaru STI yenye kalipa za Brembo. Ni tofauti?

Ndiyo, na kwa pedi ni rahisi zaidi. Kalipa hizi zina pistoni pande zote mbili, haziteleziki. Vua gurudumu, gonga zile pini mbili nyembamba zitoke kwa ndani, toa springi ya katikati, na pedi zinavutwa nje bila kufungua kalipa. Springi hiyo inaruka, vaa miwani. Toa pedi moja kwa wakati. Ukisukuma pistoni za upande mmoja huku upande wa pili uko wazi, zile nyingine zitatoka.

Pini zikiwa zimeshikwa na chumvi, usipige kwa hasira. Lowesha kwa dawa ya kutu usiku kucha, ukiikinga diski isirukiwe.

Na breki za nyuma?

Hapa ndipo watu wanapovunja vitu. Altezza na Subaru WRX zina breki ya mkono ya viatu (vipande vinavyotanuka na kubana kwa ndani) ndani ya diski, kwa hiyo pistoni inarudi kwa kusukumwa tu. Mazda Roadster za NA na NB hazirudi hivyo. Nyuma ya kalipa kuna bolti inayofunika tundu. Ifungue, ingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, zungusha kinyume cha saa na pistoni inarudi. Ukishaweka pedi mpya, zungusha kwa mwelekeo wa saa mpaka zigusane na diski, kisha legeza kama theluthi ya mzunguko. Honda nyingi zinataka pistoni izungushwe huku ikisukumwa. Ukitumia klempu kwa nguvu kwenye aina hizi mbili, unaharibu utaratibu wa breki ya mkono ulio ndani.

Gari yenye breki ya mkono ya kitufe cha umeme isiguswe nyuma kabla ya kuwekwa katika hali ya matengenezo.

Nibadilishe na diski?

Kwenye diski yenyewe, sehemu ya katikati au ukingoni, pameandikwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Pima kwa kipimo cha koleo, sehemu nne tofauti. Ikiwa chini ya hapo, au ina nyufa, au usukani unatetemeka ukipiga breki, badilisha zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma. Pedi vile vile, daima kwa jozi.

Mafuta ya breki nayo?

Kila miaka miwili, na hewa yetu ya unyevu inanifanya nisichelewe. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya maji kutoka hewani. DOT 4 mpya inatakiwa ichemke si chini ya nyuzi 230, na ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka ndani ya mabomba yanatoa mvuke, na mguu wako unazama. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Chupa iliyofunguliwa tangu mwaka jana usiitumie, hata kama imefungwa vizuri.

Kubadilisha pedi peke yake hakuhitaji kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba, maadamu hukufungua nipeli (kile kidude cha kalipa cha kutolea upepo huo) wala bomba.

Nikimaliza naweza kuondoka?

Hapana. Soma hapa mara mbili.

Ulirudisha pistoni ndani, kwa hiyo kuna nafasi kati ya pedi na diski. Kanyago la kwanza litaenda chini bila kushika kitu. Mwaka wa kwanza nilijishughulisha na kuosha mikono, magharibi imeingia, nikawasha gari nirudi nyuma kutoka uani. Nikakanyaga, mguu ukafika sakafuni. Gari ikaendelea kuteremka kuelekea mtaro, na pembeni yake watoto wa jirani walikuwa wanacheza nage. Nilivuta breki ya mkono, ikasimama. Hakuumia mtu. Sijaisahau ile sekunde.

Kabla ya kuwasha injini, kaa kwenye kiti na ukanyage taratibu, nusu nusu, mara nyingi mpaka kanyagio liwe gumu. Usilipeleke mpaka chini, hasa gari kuukuu, kwa sababu mipira ya masta (pampu inayosukumwa na kanyagio) itapita sehemu yenye kutu na kuchanika. Washa, kanyaga tena. Angalia kikopo cha mafuta, funga kifuniko. Kisha songa mita mbili uani, usimame. Ukiridhika ndipo utoke.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa?

Ndiyo. Tafuta barabara tupu, mimi hutoka baada ya alfajiri. Nenda kilomita 60 kwa saa pale mwendo huo unaporuhusiwa, punguza kwa breki ya wastani hadi 10, usisimame kabisa, ongeza tena. Rudia mara kumi. Halafu endesha dakika kumi bila kugusa sana breki zipoe. Zikiwa moto usivute breki ya mkono. Harufu kidogo ni kawaida, moshi si kawaida.

Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Rimu moja ikiwa na joto kupita mwenzake wa upande wa pili, kalipa ile inabana. Ifungue tena siku hiyo hiyo.

Vumbi la breki lina madhara?

Lina. Pedi za zamani au zisizojulikana zilikotoka zinaweza kuwa na asibesto. Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lowesha kwa dawa ya breki au maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kiingie kwenye mfuko uufunge. Watoto wakae mbali.

Naishi Pemba. Kuna la zaidi?

Vilima. Ukitoka Mkoani kwenda Chake Chake unapanda na kushuka na kukata kona, na anayeshuka akiwa amekalia breki muda wote anapika pedi zake. Teremka na gia ndogo, ya otomatiki iteremshe kutoka D. Kwa kuwa spea za gari za spoti ni adimu huko, agiza pedi zikiwa bado na milimita 5 na uziweke ndani. Weka pia seti ya vimpira vya pini. Ni kitu kidogo kinachokwamisha gari wiki mbili kikisubiriwa kwa meli.

Gari ikikaa wiki, diski zinakuwa nyekundu. Nimeharibu kitu?

Hapana, ni kutu ya juu tu, itafutika kwa breki chache za mwanzo. Kinachonitia wasiwasi ni gari iliyopitishwa ufukweni Paje au Nungwi na kuachwa hivyo. Siku hiyo hiyo mwagia maji baridi ndani ya magurudumu, breki zikiwa zimeshapoa, kisha endesha kidogo na upige breki mara tatu nne zikauke. Gari ya kukaa muda mrefu iegeshe penye sakafu tambarare, iachie breki ya mkono, iweke kwenye gia au P, na utie kabari. Viatu vya nyuma vikigandana na diski, utavikuta hivyo utakaporudi kutoka safari.